Mbwa Kameza Ndoano, Nyie Mnagombana!

Ukipita Kiseke, Buswelu au Nyamhongolo jioni utakuta kitu ambacho babu zetu wangekicheka: kijana katoka kazini, shati bado kachomekea, mkononi kashika kamba, na mbele yake anatembea mbwa. Wapenzi kadhaa ninaowajua hapa Ilemela wameanza na mbwa kabla ya mtoto. Aliletwa kulinda geti, akaishia kulala sebuleni. Na sebuleni, si unajua tena, ndiko kwenye soksi, hereni, sindano za kushonea na betri za rimoti.

Mbwa, hasa akiwa mdogo, anaijua dunia kwa mdomo. Siku moja kitu hakionekani, mbwa anajilamba, na hapo nyumba inawaka moto. Nimeshuhudia kwa marafiki zangu zaidi ya mara moja: swali la kwanza ni "Nani kaacha hii kitu chini?" Mmoja anamtaja mwenzake, mwenzake anakumbushia ya mwezi uliopita, nusu saa imekwisha. Mbwa yupo pale pale, anawatazama.

Mpenzi msomaji, swali hilo lina siku yake. Siku ya tukio maswali ni matatu tu: kameza nini, saa ngapi, na sasa hivi yukoje? Mmoja apige simu kwa daktari wa wanyama, mwingine atafute kipande kilichobaki au kitu kinachofanana nacho.

KAMEZA NINI?

Kitu kidogo, laini, kisicho na ncha, mfano kifungo cha shati, mara nyingi hupita chenyewe na kutoka na kinyesi ndani ya siku chache. Hapo daktari anaweza kukuambia usubiri na ukague choo. Ndiyo, ukague! Mapenzi ndiyo hayo.

Vingine havina subira:

• Betri ya duara, ile bapa ya saa au ya rimoti ya gari. Ikikwama kooni huanza kuunguza nyama ndani ya muda mfupi sana, hata nusu saa. Ondoka nyumbani sasa hivi.

• Soksi, chupi, mfuko wa plastiki. Ni laini, lakini hujikunja na kuziba utumbo.

• Gunzi la mahindi na kokwa la embe. Mbwa halimeng'enyi gunzi, na linaweza kukwama siku kadhaa baadaye, mkiwa mmeshasahau.

• Sindano yenye uzi, na ndoano yenye mshipi.

YA KWETU ZIWANI

Hiyo ya mwisho inatuhusu sisi zaidi kuliko watu wa Dodoma. Ukienda Igombe, Kayenze au ukizunguka Kirumba karibu na mwalo, harufu ya samaki imetanda kila mahali, na mbwa hachagui kati ya samaki na chambo kilichovikwa ndoano.

Ukiona mshipi au uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usivute. Upande mmoja umenasa, na ukivuta, uzi unakata utumbo kama waya unavyokata mche wa sabuni. Usiukate mfupi pia, maana daktari anaweza kuufuata hadi ndoano ilipo. Mzuie mbwa asiutafune, kisha mpeleke.

USIFANYE HAYA

1. Usimtapishe mwenyewe. Chenye ncha kilichochana kikishuka kitachana tena kikipanda, na betri huunguza mara mbili. Maji ya chumvi ndiyo mabaya kabisa, kwa sababu chumvi nyingi peke yake inaweza kumuua mbwa. Daktari anayo dawa ya kutapisha, na hufanya kazi vizuri zaidi ukiwahi ndani ya saa mbili hivi. Yeye ndiye ataamua kama inafaa.

2. Usimpe bonge la ugali "lisukume". Kama utumbo umeziba, unaongeza foleni. Kama atahitaji usingizi wa upasuaji, tumbo lililojaa ni hatari.

3. Usimpe dawa zako za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

KABLA HUJATIA MKONO MDOMONI

Hapa naomba utulie usome taratibu. Mbwa anayetoa udenda, taya limelegea, anashindwa kumeza, anaonekana kama ana mfupa kooni. Lakini kichaa cha mbwa nacho huja na sura hiyo hiyo, na ugonjwa huo bado upo nchini kwetu. Kama hukumwona akimeza kitu, na hana chanjo au tabia yake imebadilika ghafla, usiingize mkono. Mfungie peke yake, piga simu.

Akikung'ata, au udenda ukigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Tofauti ni pale ulipomwona kwa macho yako akipaliwa, naye hapumui na ulimi unageuka buluu. Hizo ni dakika, sio saa. Kikionekana, kitoe bila kukisukuma ndani. Akiwa mdogo mwinue miguu ya nyuma, kichwa kining'inie. Akiwa mkubwa, msukume kwa nguvu chini ya mbavu, kuelekea kifuani.

DALILI ZA KUTOPUUZIA

Anatapika tena na tena, hata maji. Amekataa chakula. Amekunja mgongo, au anainamisha kifua chini huku makalio yako juu. Hapati choo, au anatoa damu. Mojawapo ikitokea, hata siku ya tatu, usingoje kukuche.

DAKTARI, NA HELA YAKE

Afisa mifugo wa kata yako ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini upasuaji ni kazi ya daktari wa wanyama aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, lililopo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Uliza leo, mbwa akiwa mzima: nani anafanya upasuaji, nani ana eksirei, nani anapokea simu usiku? Na kumbuka, eksirei inaonyesha chuma na mifupa vizuri, soksi mara nyingi haionekani. Ndiyo maana daktari anahitaji ukweli wako wote, hata kama ni chupi ya shemeji aliyekuja kutembea.

Sasa tuje kwenye lile ambalo wapenzi hawalisemi. Mmoja anaweza kuona "ni mbwa tu", mwenzake akawa tayari kuuza simu. Tofauti hiyo ikigundulika mlangoni kwa daktari, saa nne usiku, mbwa kapakatwa, inaacha kovu refu kuliko la upasuaji. Ongeeni wikiendi hii: tuko tayari kutoa kiasi gani? Zinatoka mfuko gani? Nani anaamua kama mwenzake yuko safarini?

Na lile swali la nani kaacha kitu chini? Liulizeni mbwa akishapona, mkiwa mnacheka. Kisha nunueni kapu la nguo chafu lenye mfuniko, betri zipande kabati la juu, ndoo ya taka ipate kifuniko kizito. Hayo yanafanywa na wawili, na hayahitaji mshindi.