Krisi Imeisha, Uhuru Park Inangoja Mbogi Yako

Fika Uhuru Park asubuhi ya tarehe 27 Desemba, kabla jua halijawaka, uone venye tao ilijibamba. Nyasi imejaa chupa za plastiki, karatasi za chipo, mifupa ya kuku, mabaluni yamepasuka, daipa zimefichwa chini ya miti. Kando ya maji ndio noma zaidi, ju hapo ndio mapero hukalianga na watoi wao hadi giza iingie. Na siwezi walaumu kwa kuja. Wasee wengi wa mtaa wanaishi keja ya rumu moja, kwa ploti hakuna hata mahali mtoi anaweza piga mpira. Hii ndio nyasi yao. Shida huanza pipa zikijaa, ju taka yote sasa inaachwa tu chini.

Mbogi yetu haina sponsa wala tishati za kampuni. Kila msee anakam na glavu zake, zile nzito za mjengo, ju zile nyepesi hupasuliwa na glasi ya mzinga ukishika tu mara moja. Magunia tunaitishanga wauza waru pale Marigiti. Tunaanza juu, upande wa Upper Hill, tunashuka na mteremko hadi Uhuru Highway. Daipa na gunia yake, mabaki ya dishi na gunia yake, glasi kwa ndoo ngumu. Ukichanganya dishi na chupa, hizo chupa zinanuka na hakuna mnunuzi atazigusa.

Sasa hapo kwa chupa, skizeni poa. Kuna wamathe na vijana hufika hapo hata mbele yetu. Hao hawajakuja kujitolea. Chupa wanauzia wasee wa skrepa kwa kilo, na hiyo doo ndio unga ya jioni. Mbogi ya wasee walioshiba ikikam na kuzoa chupa zote, inapiga picha na kuishia, imewanyima riziki na kujiita wasafi. Kwetu form ni moja: chupa safi zote ni zao, sisi tunashika ile taka haina bei. Na tukifika tunawasalimia kwa heshima, "Shikamoo mathe, tuanzie wapi?" Wao ndio wanajua kila kona ya hii paki.

Hii paki pia ilipiganiwa, walai. Mwaka wa 1989 serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga hapa ndani jumba la ghorofa 60. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai akakataa. Aliandika barua kwa serikali na kwa wafadhili wa nje, akatukanwa hadi bungeni, lakini hakusonga hata inchi. Wafadhili wakahepa, mradi ukakufa. Mwaka wa 1992 wamama wa wafungwa wa kisiasa wakakaa njaa kwa ile kona ya paki inaitwa Freedom Corner wakidai watoto wao waachiliwe, na makarao wakawashukia. Tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ikatangazwa kwa hii hii paki. Mimi nikiokota daipa pale Freedom Corner, hiyo stori yote iko kwa kichwa, na inaniuma kuona tukipaacha hivyo.

Tena taka haikai pale unaiacha. Mvua ikinyesha inaingia mtaro, mitaro ya tao inamwaga Nairobi River, mto unaingia Athi, na Athi inateremka hadi ikuwe Sabaki na kuingia baharini karibu na Malindi. Kifuniko chako cha soda kinaweza fikia mvuvi hujawahi muona. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, ile ya kupeperuka kwa miti imepungua sana, so tunajua inawezekana. Chupa na vifuniko ndio bado.

Mwaka Mpya uko karibu na paki itajaa tena. Ukienda na familia, beba gunia yako moja kutoka keja, na mkitoka mtoke nayo. Na tarehe 2 Januari, saa kumi na mbili asubuhi, kam na glavu nzito na beshte mmoja. Chupa waachie wamathe.