Seva Imetupokea, Mbona Haitoi Orodha ya Faili?



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, wapo miongoni mwetu hapa Maparoni wanaotuma kurasa za jarida au sauti za darsa kwa FTP, yaani utaratibu wa kupeleka faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Neno la siri linakubaliwa, kisha pale panapotakiwa orodha ya faili panabaki patupu. Mtu husema zimefutwa, akaanza kuzipandisha upya na kumaliza kifurushi chote cha intaneti. Kwa hakika, mara nyingi hakuna kilichofutwa.

Sababu iko kwenye FTP yenyewe. Iliandikwa kwanza na Abhay Bhushan wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1971, na kanuni zake kuu zilitolewa Oktoba 1985. Hutumia njia mbili. Ya kwanza, mlango namba 21, ni ya mazungumzo tu: jina, neno la siri na amri. Faili hupita njia ya pili, na orodha nayo huhesabiwa kuwa mzigo. Ni kama mtu aliyekuja kwa mto mmoja tukapatana bei ya mpunga, kisha mtumbwi wa mpunga ukapita mto mwingine ukakwama maji yalipokupwa. Mapatano yapo, mzigo haufiki.

Katika modi ya zamani, seva ndiyo inayofungua njia ya pili kuja kwetu. Sisi wa intaneti ya simu hatufikiki hivyo, kwani mtandao wa simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Basi kwanza chagua modi pasivu katika mipangilio ya programu, ili kompyuta yako ndiyo iende kwa seva mara zote mbili. Hili peke yake humaliza matatizo mengi.

Ikishindikana, soma majibu ya seva. 530 maana yake hukuingia kabisa. 425, njia ya pili imekataa kufunguka. Jibu 227 litawapendeza wapenzi wa hesabu: lina namba sita, nne za anwani na mbili za mlango. Zidisha ya tano kwa 256, ujumlishe ya sita. 195 na 149 ni mlango 50069. Anwani ikianza na 192.168, seva imetoa anwani yake ya ndani, na mwenye seva ndiye wa kurekebisha. Afungue pia milango ya pasivu kwenye ukuta wa ulinzi.

Orodha ikiwa tupu lakini jibu ni 226, njia ni nzima. Angalia umo folda gani, na kama una ruhusa ya kuisoma. Kwenye seva za Linux, "Darsa" na "darsa" ni folda mbili tofauti.

Wanaofungua anwani ya FTP kwa Chrome au Firefox wasihangaike. Programu hizo ziliondoa FTP mwaka 2021. Tumia programu maalumu kama FileZilla. Na mwenye seva akikupa SFTP, ichukue: hupitisha kila kitu mlango mmoja, namba 22, tena kwa siri, ambapo FTP ya kawaida hupeleka neno la siri likiwa wazi.