Sura ya Saba: Mita Juu ya Kila Kisima

Mwaka 1971 visima vya eneo la Geneva vilivuta karibu mita za ujazo milioni 14 za maji kutoka ardhini. Mvua na mito ilikuwa ikirudisha takribani nusu tu ya kiasi hicho. Matokeo yake hayakuchelewa: katika muda wa miaka ishirini hivi usawa wa maji ulishuka kwa zaidi ya mita saba, na kama theluthi ya akiba yote ikawa imekwisha. Jambo lingekuwa rahisi kama tabaka la changarawe lililobeba maji hayo lingekuwa lote ndani ya Uswisi. Lakini tabaka hilo, lenye urefu wa kilomita 19 hivi kusini mwa Ziwa Geneva, lina sehemu yake Ufaransa, na miji midogo ya Haute-Savoie nayo ilikuwa na visima humo humo. Geneva ingeweza kubana matumizi yake yote na bado ikamwona jirani akivuta alichoacha.

Tabaka lolote linalobeba maji namna hii nitaliita mwamba wa maji. Wengi hudhani kwamba huko chini kuna mto au ziwa lililojificha. Kwa kawaida hakuna. Kuna mchanga, changarawe au jiwe lenye nyufa, na maji yamejaa kwenye nafasi zilizomo, yakijisogeza polepole mno. Pampu inapowashwa, usawa wa maji hushuka kukizunguka kisima, na kadiri pampu inavyoendelea, eneo lililoshuka hutanuka. Kisima kikiwa karibu na mpaka, sehemu ya maji yake itatoka nchi ya pili bila mtu yeyote kuvuka. Jirani atagundua siku pampu yake itakapoanza kuvuta hewa. Na hata hapo hatajua kama wa kulaumiwa ni mwenzake, ni ukame, au ni visima vyake mwenyewe. Uchafuzi ndio mbaya zaidi: sumu huchukua miaka kufika kisimani, na kuisafisha huchukua miaka mingi kuliko hiyo.

Ndiyo maana sheria ya maji ya chini ni ngumu kuliko ya mito. Katika mto, nchi ya chini huona maji yakipungua na huweza kulalamika. Chini ya ardhi, asiye na kipimo hana lalamiko. Kanuni kwamba nchi isimdhuru jirani yake inakubalika duniani kote, lakini huwezi kuthibitisha dhara kama hukujua maji yalikuwa kina gani kabla ya dhara.

Turudi Geneva. Mazungumzo yalianza miaka ya mwanzo ya 1970, na mapatano yakatiwa saini mwaka 1978. Waliotia saini ni serikali ya jimbo la Geneva na mkuu wa mkoa wa Haute-Savoie. Wizara za mambo ya nje hazikuwa ndizo zilizoketi mezani; walioketi ni wale ambao maji yakikatika wao ndio hupigiwa simu. Nadhani hapo ndipo siri kubwa ilipo. Watu hao hawakubishana maji ni mali ya nani. Walibishana juu ya gharama.

Kwa maana Geneva ilikuwa na pendekezo la kiufundi: mwamba ujazwe kwa mkono wa binadamu. Mto Arve hushuka kutoka milima ya Mont Blanc, Ufaransa, na kupita juu ya eneo lile. Kituo kilijengwa Vessy, kikaanza kazi mwaka 1980. Maji ya mto huchukuliwa, huchujwa, kisha huachiwa yapenye ardhini hadi kwenye changarawe. Mto ukijaa tope, kituo hufungwa mpaka maji yatakate, kwa sababu tope likiziba nafasi za changarawe, mwamba umeharibika. Geneva ilijenga kituo kwa fedha zake na kukimiliki. Upande wa Ufaransa ulipewa haki ya kuvuta hadi mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka. Milioni 2 za kwanza ni bure, zinazozidi hulipiwa sehemu ya gharama za kujaza.

Kisha kuna vifungu ambavyo mwanasheria mwenye haraka angeviruka. Kila kisima kiwe na mita. Vipimo vya mita viandikwe. Ubora wa maji upimwe kwa utaratibu mmoja pande zote mbili. Tume ya watu sita, watatu kila upande, ipange kila mwaka jinsi mwamba utakavyotumika. Usawa wa maji ulipanda tena. Miaka thelathini ilipokwisha, mapatano hayakuvunjika. Yaliandikwa upya mwaka 2007, yakaanza kutumika Januari 2008 kwa miaka thelathini mingine.

Mfano wa pili ni mkavu zaidi, kwa maana zote. Jordan na Saudi Arabia zinagawana mwamba wa mawe ya mchanga ambao Wajordan huuita Disi na Wasaudi huuita Saq. Maji yake ni ya kale, mvua ya maelfu ya miaka iliyopita, na kinachotolewa hakirudi. Upande wa Saudi Arabia yalimwagiliwa mashamba makubwa ya ngano. Upande wa Jordan, tangu mwaka 2013, bomba la zaidi ya kilomita 300 hupeleka maji hayo Amman. Mwaka 2015 nchi hizo zilikubaliana kutenga ukanda kando ya mpaka ambamo shughuli zote za kuvuta maji zikome, na nje yake eneo ambalo maji ni ya matumizi ya miji tu. Mkataba ni mfupi. Hautaji haki za jumla nyingi. Unachora mistari kwenye ramani na kuunda kamati ya ufundi. Mwamba wa namna hii hauwezi kudumu milele, lakini angalau wamekubaliana usimalizwe na kilimo cha mpakani.

Na sheria ya dunia je? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 kuhusu mikondo ya maji ya kimataifa, ulioanza kutumika mwaka 2014, unayagusa maji ya chini pale tu yanapounganika na mto au ziwa. Miamba kama Disi iliachwa nje. Pengo hilo lilishughulikiwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa ya umoja huo, kwa kazi ya ripota wake maalumu Chusei Yamada wa Japani, na mwaka 2008 ikatoa rasimu ya vifungu 19: matumizi ya haki na ya busara, kutomdhuru jirani, kubadilishana takwimu, kulinda maeneo ambako mvua huingia mwambani. Hicho cha mwisho ni kizuri sana, kwa sababu kinaigusa hata nchi isiyo na mwamba wenyewe lakini yenye mlima unaoulisha.

Dosari iko kifungu cha 3, kinachoipa kila nchi mamlaka juu ya sehemu ya mwamba iliyo ndani ya mipaka yake. Ni kweli kinaongeza kwamba mamlaka hayo yafuate sheria za kimataifa. Lakini maji hayakai ndani ya sehemu, na anayeanza mazungumzo kwa neno "changu" huwa ameyafupisha. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipokea rasimu hizo kwa azimio 63/124, limezirudia mara kadhaa tangu hapo, na hazijawa mkataba. Hata hivyo Brazil, Argentina, Paraguay na Uruguay, zinazogawana mwamba wa Guarani, zilitia saini makubaliano juu yake mwaka 2010. Yakaanza kutumika mwaka 2020.

Ramani ya mwaka 2021 ya kituo cha IGRAC cha Uholanzi inaonyesha miamba ya maji 468 inayovuka mipaka. Yenye mikataba yake mahususi inahesabika kwa vidole. Mwamba wa Kilimanjaro, kati ya Tanzania na Kenya, haumo kati ya hiyo yenye mikataba. Mvua kubwa hunyesha kwenye msitu wa miteremko ya kusini, Tanzania. Sehemu yake huzama katika mawe ya volkano, ikatokeza chemchemi pande zote za mlima. Chemchemi ya Nol Turesh, karibu na Loitokitok upande wa Kenya, hupeleka maji kwa bomba hadi Machakos. Vinamasi vya Amboseli, vinavyolishwa na maji hayohayo, hunywesha tembo na ng'ombe wa Wamaasai. Ziwa Chala, lililokatwa na mpaka, hulishwa zaidi na maji ya chini. Wakati huohuo visima virefu vinaongezeka, huku na huku.

Sheria ya maji ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2016 zote zinadai kibali. Kwa hiyo Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya zina pa kuanzia bila kusubiri mkutano wa marais: orodha moja ya visima, mita kwenye pampu kubwa, kikao cha kila mwaka cha kufungua madaftari mbele ya mwenzako. Nawe msomaji unayetaka kuchimba kisima Rombo au Taveta, chukua kibali kwanza. Mwambie fundi aandike kina alichokuta maji na kiasi pampu inachotoa, kisha karatasi hiyo uipeleke ofisini, usiiache ndani ya gari la mchimbaji.