Kaki ya askari si rangi moja

Anayenunua kopo moja la rangi lililoandikwa "kaki" na kuwapaka nalo askari wake wote, kofia hadi miguuni, atamaliza kazi mapema. Ila askari hao watakuwa hawajatoka katika vita vyovyote vilivyowahi kupiganwa. Kwa wapakaji wa visanamu vya kijeshi, wale watu wa milimita 28 wanaopangwa mezani kuonyesha mapigano ya zamani, kaki huonekana rahisi kuliko rangi zote, na ndiyo inayowaumbua wengi. Inadai uangalifu mkubwa hasa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vile vilivyopiganwa katika ardhi yetu kati ya 1914 na 1918.

Tuchukue mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Upande wa Uingereza kulikuwa na vikosi vilivyosafirishwa kutoka India, wakiwamo Rajputs na askari wa Kashmir, pamoja na Waingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire. Upande wa pili walikuwapo askari Waafrika wa jeshi la kikoloni la Ujerumani, Schutztruppe, wakiwa na tarbushi zilizofunikwa kitambaa cha kaki. Kaki ilikuwa pande zote mbili. Lakini vitambaa vilitoka viwanda tofauti, vikatiwa rangi kwa njia tofauti na kuchakazwa na jua tofauti. Mezani, jicho la mtazamaji lazima litambue majeshi mawili kabla halijaziona bendera.

Kazi ya kwenye sahani

Kaki nzuri huanza na njano ya udongo. Weka sehemu tatu za njano hiyo, sehemu moja ya kahawia na nusu sehemu ya rangi ya krimu. Hapo umepata kaki ya msingi. Ongeza kahawia kidogo, itakuwa kaki ya nguo mpya iliyotoka ghalani. Ongeza krimu, itakuwa ya nguo iliyofuliwa mtoni na kuanikwa juani kwa miezi. Ukiwa na sahani moja na makopo matatu unaweza kukivisha kikosi kizima bila watu wawili kufanana kabisa, na ndivyo kikosi kilicho vitani kinavyoonekana.

Kosa la kawaida huja wakati wa kutia vivuli. Mpakaji hukimbilia rangi nyeusi. Nyeusi ikiingia kwenye njano huivuta kuelekea kijani, na askari wa savana anageuka askari wa msitu wa Ulaya. Kivuli cha kaki kitengenezwe kwa kahawia nzito yenye tone la zambarau, iliyozimuliwa maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, kisha iachwe iteremke yenyewe kwenye mikunjo ya nguo, chini ya mikanda na kwapani. Sehemu zinazopigwa na jua, yaani mabega, magoti na ukingo wa tarbushi, zipewe kaki ileile iliyoongezwa krimu. Nyeupe tupu huifanya nguo ionekane imepakwa chokaa.

Kuna pia suala la ukubwa. Kitu kidogo huonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa chenye rangi ileile. Hata kama una kipande halisi cha sare ya wakati ule na ukakilinganisha na rangi yako hadi zikafanana, kisanamu kitaonekana kimekolea mno. Rangi ya mezani ipunguzwe ukali kidogo.

Mwaka hubadili rangi

Vita vilipoendelea, manowari za Uingereza ziliziba pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Meli mbili tu za shehena ziliweza kufika pwani hiyo, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916. Pamba ikaanza kusokotwa kwa mkono na kufumwa humuhumu nchini. Kamanda wa Schutztruppe, Paul von Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1920, anaeleza kuwa kitambaa hicho kilitiwa rangi kwa mti anaouandika "ndaa", kikatoka hudhurungi yenye umanjano, rangi iliyomficha askari vizuri nyasini na porini.

Kwa mpakaji, habari hiyo ni ya thamani kubwa. Askari wa Tanga wa 1914 avae kaki ya kiwandani. Mwenzake wa 1916 avae ile hudhurungi ya mti, iliyotiwa kwa mkono na isiyolingana kati ya shati na suruali. Ifikapo mwisho wa 1917, baada ya Schutztruppe kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, ng'ambo ya mto Ruvuma, achanganye na nguo za adui.

Picha za wakati huo zitumike kwa tahadhari. Filamu nyingi za zama zile hazikuihisi nyekundu, hivyo nyekundu ilitoka karibu nyeusi na buluu ikatoka imepauka. Nayo Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ni mwalimu mzuri wa mkao, bunduki na mikunjo ya nguo, lakini shaba haisemi lolote kuhusu rangi.

Ngozi na wapagazi

Linaloniudhi zaidi katika visanamu vingi vya askari wa Kiafrika ni ngozi. Sare imepakwa kwa tabaka nne, halafu uso umepigwa kahawia moja ya giza na kuachwa hivyo. Ngozi zetu zina wekundu, zina umanjano, zina buluu ya kivulini. Anza na kahawia nyekundu, tia kivuli kwa zambarau iliyochanganywa na kahawia, kisha inua paji, mashavu na ncha ya pua kwa kahawia yenye chungwa kidogo. Kila uso uwe na mchanganyiko wake. Anayempa mtu kifungo chenye rangi sahihi na kumnyima uso hajamheshimu.

Pia, nyuma ya kila kikosi palikuwa na wapagazi. Mamia ya maelfu waliandikishwa, makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Wengi hawakuwa na sare ya kujivunia. Wapakwe kaniki ya buluu nzito, merikani iliyogeuka rangi kwa jasho na vumbi, na mablanketi yaliyochakaa. Msafara wa Wajerumani ulifuatwa pia na wake na watoto wa askari, nao wana haki ya kuwapo mezani.

Kwa hiyo, vijana mnaoanza sanaa hii, na walimu wa historia mnaotafuta njia ya kuliamsha darasa, kabla ya kufungua kopo andikeni kwenye karatasi mambo matatu: mwaka, mahali na jeshi. Kisha changanyeni rangi kwa kufuata karatasi hiyo. Na kwa kila askari mmoja mtakayempaka, pakeni walau mpagazi mmoja, maana bila yeye hakuna jeshi lililofika popote.