Fahamu fastboot, amri inayofika hadi vyumba vya ndani vya simu

Simu ya Android yenye hifadhi ya GB 64 haikupi zote 64. Hifadhi hiyo imegawanywa vyumba, yaani patisheni: boot hubeba kiini kinachoiwasha simu, system hubeba Android yenyewe, na userdata ndimo zilimo picha na meseji zako.

Fastboot ni programu ndogo ya bure kutoka Google inayoviandikia vyumba hivyo. Unachomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB, unaiwasha katika hali ya fastboot, kisha unaandika amri. Ukiandika "fastboot flash boot boot.img", kilichokuwamo kinafutwa, faili jipya linaingia, na neno OKAY linatokea mwishoni mwa mstari. Hakuna kuulizwa mara mbili. Faili likiwa la modeli nyingine, simu inaweza isiwake tena.

Simu zilizotoka na Android 10, ya mwaka 2019, zina chumba kikubwa kiitwacho super. Humo system na wenzake hugawana nafasi, na kuta zao husogezwa.

Ila simu ikiwa bado imefungwa, hukataa kuandikiwa vyumba vyake hadi ifunguliwe kwa "fastboot flashing unlock". Tafadhali, kabla fundi hajaiandika amri hiyo, hamisha picha zako kwanza. Hufuta userdata yote.