Behewa la Mbao la Kuweka Kiganjani

Mtoto wako akitengeneza motokaa ya mabua ya mtama, labda waipita bila kuitazama mara mbili. Lakini huko Marekani wapo watu wazima, baba na babu, ambao jioni baada ya kazi huketi mezani wakaunda behewa la mizigo la mbao, nalo likiisha laweza kukaa kiganjani. Usiwacheke upesi. Kazi yao ina hesabu, na ndani yake mna habari ya jasho la watu.

Tuanze na hesabu. Wengi wao hufuata kipimo cha 1 kwa 87, yaani kila kitu hupunguzwa mara 87. Njia za reli za Marekani, kama ile ya SGR itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma, zina upana wa milimita 1,435. Gawa kwa 87, utapata milimita 16 na nusu: ndio upana wa reli yao ya mezani. Behewa la futi 40 huwa na urefu wa sentimita 14 tu. Chama chao kilianzishwa mwaka 1935 mjini Milwaukee, nacho huweka vipimo ili magurudumu ya huyu yapite juu ya reli ya yule. Hata uzito umepangwa: behewa la sentimita 14 lipate gramu 106 hivi. Likiwa jepesi huruka nje ya reli kwenye kona. Mbao peke yake haifikii uzito huo, basi hugandisha vipande vya chuma ndani kabla ya kufunga paa.

Katika miaka ya 1950 wengi walinunua boksi dukani. Ndani mlikuwa na sakafu, paa, kuta zilizochorwa mistari mfano wa mbao zilizopangwa, vyuma vidogo vidogo, na mchoro wa kufuata. Magurudumu mara nyingi yaliuzwa mbali. Mti upendwao ni tilia, maana ni laini na nyuzi zake hazionekani sana. Hukatwa kwa wembe, husuguliwa kwa msasa, na gundi hutiwa kwa ncha ya kijiti. Mwenye haraka hupaka rangi upande wa nje tu; mara ubao wapinda kama ndizi! Hapana budi kupaka pande zote mbili. Siku hizi plastiki imeenea, tena mbao nyingine hukatwa kwa mwanga wa leza, lakini wapenzi wa mbao hawajaisha.

Mbona mbao? Kwa sababu mabehewa yenyewe ya karne ya 19 yalikuwa ya mbao. Chini ya sakafu zilipita nondo za chuma, zikakazwa kwa skrubu, ili behewa lisibonyee katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Katika mfano, nondo hizo ni uzi wa kuvulia samaki. Juu ya paa kuna ubao mrefu mwembamba, na gurudumu la breki.

Ubao ule si pambo. Wafanyakazi walitembea juu yake garimoshi likienda mbio, usiku, katika mvua na barafu, wakikaza breki za behewa moja baada ya jingine. Wengi walianguka wakafa. Nao waliounganisha mabehewa walisimama katikati, wakaongoza pete ya chuma kwa mkono na kutia pini. Aliyechelewa alipoteza vidole. George Westinghouse alikuwa amepata hati ya breki ya hewa mwaka 1869. Mwaka 1873 Eli Janney akapata ya kiungo kinachojifunga chenyewe, kama vidole vya mikono miwili vilivyonasana. Lakini makampuni mengi yalisitasita kwa ajili ya gharama, mpaka Rais Benjamin Harrison alipotia sahihi sheria ya kuyalazimisha, mwaka 1893. Miaka 20! Je, ni watoto wangapi waliokuwa yatima katika muda huo?

Fundi wa mezani akiunda behewa la mwaka 1885 huweka pete na pini. Akiunda la mwaka 1905 huweka kiungo cha Janney. Ubao wa paani huwekwa katika yote mawili, nao haufiki upana wa kidole.