Puli Isiyo Puli

Atokaye kisimani na ndoo kichwani mara nyingi huweka kitawi chenye majani kielee juu ya maji. Si urembo. Hatua zikilingana na mwendo wa maji, maji hupanda ukingo, yakarudi, yakapanda zaidi, mwisho bega limelowa. Majani huyavuruga yasishike mdundo.

Mbele ya injini ya trekta lenye silinda sita kuna kifaa chenye kazi kama ya kitawi hicho. Kwa kuwa mkanda wa feni hupita hapohapo, wengi hukidhani puli tu. Mafundi hukiita dampa.

Ndani ya injini, kinachochezacheza si maji bali chuma. Kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, tunaiona nene na ngumu, kumbe hujisokota kama nguo inayokamuliwa, ila kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Mlipuko unapoisukuma pistoni, sehemu ya kranki iliyounganishwa nayo hutangulia kidogo, huku nyuma imeshikwa na uzito wa flaiwili, lile gurudumu zito, kisha hujirudi. Injini ya silinda sita yenye mipigo minne hupata milipuko mitatu kila mzunguko. Ikienda mizunguko 2,100 kwa dakika, hiyo ni milipuko 105 kila sekunde. Na kranki ndefu, kama uzi mrefu wa gitaa, ina mdundo wake wa asili ulio mzito kuliko wa kranki fupi ya silinda tatu. Misukumo ikiangukia kwenye mdundo huo, msokoto hukua. Ufa huanzia kwenye kona ya kranki, mwembamba kama unywele, na siku moja kranki hukatika shambani. Hapo dereva hulaumiwa kuwa hakuangalia oili.

Watengenezaji wa magari Ulaya walikutana na balaa hili mwanzoni mwa karne ya 20, walipotoka silinda nne kwenda sita. Mwingereza Frederick Lanchester, karibu mwaka 1910, alitumia gurudumu dogo lisilofungwa moja kwa moja kwenye kranki, bali linaloburuzwa nayo, ili msuguano uumeze mtikisiko.

Dampa nyingi za leo zina kitovu kilichofungwa kwenye kranki, pete nzito ya chuma kwa nje, na mpira katikati yao. Kitovu kikitetemeka, pete kwa uzito wake hukataa kufuata. Mpira huvutwa huku na huku na kuugeuza mtetemeko kuwa joto. Aina nyingine huficha pete ndani ya kopo lililojaa silikoni nzito. Hiyo ukiigonga kwa nyundo ikabonyea, pete yaweza kukwama, na kazi yake imekwisha.

Joto, oili na miaka huumaliza mpira. Utaona nyufa, mpira umetokeza nje, pete inayumba, mikanda inaruka ovyo. Wapo wanaochomelea pete kwenye kitovu ili “isicheze”. Kuliko hivyo, heri wangeiacha ilivyo: pete iliyochomelewa haimezi chochote, ni mzigo tu uliowekwa kwenye ncha ya kranki.

Kubadilisha dampa kunahitaji subira. Katika matrekta mengi injini yenyewe ni sehemu ya uti wa mgongo wa gari, na ekseli ya mbele imeshikwa nayo, hivyo huenda rejeta ikatoka, na pengine sehemu nzima ya mbele. Trekta lazima liegemezwe imara kabla ya kugusa bolti. Pula, kifaa cha kuvutia dampa itoke, ishike matundu ya kitovu, isivute ukingo wa pete. Sili ya mbele ya kranki ikaguliwe wakati huohuo, maana inayovuja italowesha mpira mpya kwa oili. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo.

Kabla ya kurudisha rejeta, fundi hodari huchovya brashi kwenye rangi nyeupe na kupiga mstari mmoja kutoka kitovuni, juu ya mpira, hadi kwenye pete. Baada ya msimu wa kulima atauangalia. Ukiwa umekatika, nusu huku na nusu kule, pete imeanza kuteleza.